Mume wangu anataka kubobea magonjwa ya kuambukiza, nami nina mtoto wa miezi minane

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sakina, Arusha, na nina duka dogo la vitenge na mashuka karibu na Soko Kuu. Mume wangu ni daktari. Anasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya kufundishia huko Moshi na yuko mwaka wa mwisho. Kule amepanga chumba, nyumbani anakuja Ijumaa jioni kama hana zamu. Tumeishi hivyo miaka yote hii na sikulalamika, kwa sababu tulikubaliana kwamba akimaliza anarudi Arusha, anapata kazi, tunaishi kama watu.

Mwezi Machi hospitali moja binafsi ya hapa mjini ilimwita. Walimwambia akishapata ubingwa wake watampa mshahara ambao, Shangazi, ni zaidi ya mara mbili ya anaoupata sasa. Nilishaanza hata kuulizia ada za shule ya kumhamishia Doreen. Wiki mbili baadaye, tunakula, ananiambia hataichukua hiyo kazi. Anataka kuendelea na ubobezi. Nikamuuliza wa nini, nikidhani atasema moyo au figo, maana wabobezi wa huko magari yao tunayaona. Akasema magonjwa ya kuambukiza. Miaka miwili zaidi, pengine mitatu, na huenda sehemu ya masomo ikawa nje ya nchi. Tena barua ya kuomba alishaituma.

Sikumaliza chakula.

Shangazi, mimi niliishia kidato cha nne, lakini najua maana ya kuambukiza. Ni kifua kikuu, ni UKIMWI, ni kipindupindu, ni hiyo Marburg iliyoua watu Kagera. Mtu mwenye watoto anaanzaje kuyafuata hayo kwa miguu yake? Kaka yangu alicheka akasema, "Kumbe shemeji anasoma miaka yote hiyo awe daktari wa CTC," yaani kliniki ya wenye UKIMWI. Mama mkwe wangu, yuko Kibosho, yeye hakucheka. Alisema, "Nimeuza kahawa, nimeuza ng'ombe wawili, mtoto aende kukaa na watu wanaokohoa?" Sasa kila mama akipiga simu ni maneno hayo hayo, utadhani mimi ndiye niliyemtuma.

Haya ningeyameza. Lakini mwezi uliopita alirudi anakohoa. Akasema ni vumbi la njiani. Akatandika godoro sebuleni, akalala hapo siku nne, mtoto hakumgusa, na akafungua madirisha yote wakati Arusha mwezi wa Juni unaijua baridi yake. Alipoondoka, nikiwa nafua, nikakuta karatasi kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Imeandikwa kwamba alipokwenda kushika zamu hospitali moja ya wilaya alimhudumia mgonjwa aliyekuja kugundulika ana kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Mgonjwa huyo alikuwa amelazwa siku tano wodi ya kawaida akitibiwa nimonia. Picha ya kifua ya mume wangu ni ya wiki tatu nyuma, kipimo cha makohozi ni cha Alhamisi, siku moja kabla hajaja. Vyote vinasema hakuna kitu, ila arudi kuangaliwa tena. Wiki tatu, Shangazi! Katikati hapo alikuja nyumbani mara mbili, akambeba mtoto, akambusu, na mimi sijui lolote.

Tangu siku hiyo mtoto simpi. Akija, namfunga mtoto mgongoni naenda naye dukani mpaka jioni. Sahani na kikombe chake nimetenga, shuka zake nazichemsha. Yeye anaona na hasemi kitu. Jumapili iliyopita nimemwambia achague, ubobezi au sisi.

Naomba uniambie mawili. Mtoto wangu wa miezi minane yuko hatarini? Na nimzuie vipi huyu mtu, maana mwisho wa Julai anatakiwa athibitishe nafasi.

Mama Doreen, Arusha

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na mtoto, maana najua hayo mengine hutayasikia mpaka nimemaliza la mtoto.

Kabla ya safu hii Shangazi alikuwa muuguzi, miaka 31, mingi yake katika wodi za magonjwa ya ndani mkoani Kilimanjaro. Kwa hiyo wagonjwa wa kifua nimewalisha uji kwa mkono wangu, na nipo.

Kuna mtu aliyekutana na mgonjwa wa kifua kikuu. Kuna mtu aliyebeba vijidudu vya kifua kikuu vikiwa vimelala. Na kuna mtu anayeumwa kifua kikuu. Hao ni watu watatu tofauti, na anayeambukiza wenzake ni wa tatu, hasa akiwa anaumwa mapafu au koo. Wa kwanza na wa pili hata wakikukoholea usoni hawana kifua kikuu cha kukupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani ni hao wa pili, wamevibeba vimelala, na wengi wao watakufa uzeeni kwa mambo mengine bila kujua kama waliwahi kuvibeba. Pengine mimi mmoja wao.

Mumeo kwa karatasi uliyoisoma si wa tatu. Picha safi, makohozi hayana kitu. Siku hizi makohozi mara nyingi yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu kwa kama saa mbili na kusema papo hapo kama vijidudu vimeshaizoea rifampisini, moja ya dawa kuu. Kipimo kinaweza kupitwa, ndiyo maana ameambiwa arudi. Basi arudi. Na kikohozi kikivuka wiki mbili, au akianza homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, suruali zikaanza kumpwaya, asingoje tarehe, aende siku hiyo hiyo. Ikitokea ameugua kweli, hapo mtoto anachunguzwa na kuanzishiwa dawa za kinga. Watoto wa chini ya miaka mitano huwa wa kwanza kuangaliwa kwa sababu miili yao ugonjwa huu huikimbilia haraka. Lile kovu la chanjo ya BCG kwenye bega lake linamkinga zaidi na aina mbaya kabisa, ya uti wa mgongo na ile inayotapakaa mwili mzima. Ya mapafu haliizuii vizuri, nisikudanganye.

Sahani yake irudishe kabatini. Kifua kikuu kinasafiri hewani. Hakikai kwenye sahani wala kikombe wala shuka, na hakipiti kwa kushikana mikono. Hayo mashuka unayochemsha yanakumalizia gesi tu. Kitu kimoja cha maana kilichofanyika nyumbani kwako siku zile nne ni kufungua madirisha, na ndicho ulichokikasirikia! Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianza 1926, wakati duniani hakuna hata dawa moja ya kifua kikuu. Mgonjwa alipelekwa mlimani apate hewa, jua, chakula na kupumzika. Dawa zimekuja, ila hewa bado ni kinga, na haiuzwi.

Na hapo kwenye kumfunga mtoto mgongoni na kwenda naye dukani. Unamtoa kwa baba aliyepigwa picha na kupimwa makohozi, unampeleka Soko Kuu kwenye msongamano. Wale wateja wanaokushikashika vitenge huku wanakohoa, wao umewapima lini?

Marburg umeitaja na siipiti kando. Machi 2023 Kagera wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na wahudumu wa afya walikuwemo miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, wagonjwa 10, wa kuthibitishwa na wa kudhaniwa, na wote 10 walifariki. Virusi hivyo havirukirukii watu hewani, vinapita kwa kugusa damu, matapishi, jasho, maiti. Anayepatwa mara nyingi ni yule muuguzi au tabibu wa zahanati aliyempokea mgonjwa wa kwanza akidhani ni malaria, hana glavu wala wasiwasi. Mbobezi wa magonjwa ya kuambukiza ndiye anayefundishwa kuwa na wasiwasi mapema, kuvaa kabla ya kugusa, na kuvua bila kujichafua. Kuvua ndiko kugumu, muulize muuguzi yeyote.

Rudia barua yako mwenyewe, pale ulipoeleza mumeo alikutana wapi na kifua kikuu sugu. Siyo wodi ya kifua kikuu. Alikutana nacho wodi ya kawaida, kwenye kitanda cha mtu aliyeandikiwa nimonia. Kwenye wodi ya kifua kikuu sugu kila anayeingia anajua anachoingilia, amevaa barakoa ya N95 iliyomkaa sawasawa, dirisha liko wazi. Sasa hiyo hospitali binafsi yenye mshahara mnono, mgonjwa anayekohoa atakuja na kadi yake ya bima, atakaa mbele ya bingwa wa magonjwa ya ndani kwenye chumba chenye kiyoyozi na dirisha limefungwa, na hakuna atakayejua ana nini. Usifikiri ukimpeleka huko umemwondoa kwenye vijidudu. Umemwondolea tu mafunzo ya kuvitambua.

Kifua kikuu sugu chenyewe nacho si kile cha zamani. Kibong'oto walipoanza kuwatibu wagonjwa hao 2009, dawa zilikuwa za mwaka na nusu mpaka miwili, sindano kila siku kwa miezi, na wapo waliopona wakaondoka wakiwa viziwi. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwa wagonjwa wengi matibabu ya miezi sita, vidonge vitupu, dawa iitwayo bedakwilini ikiwemo. Kuna watu walikaa chini wakauliza kama lazima mgonjwa apoteze masikio ili apone. Hao wanatoka katika fani hii unayoichukia.

Kaka yako anasema daktari wa CTC, kana kwamba ni tusi. Mimi nilianza kazi wakati wodi zimejaa vijana wa rika langu, kitanda kimoja wawili, mwingine kwenye godoro chini, na sisi tunachoweza kufanya ni kuwageuza wasipate vidonda. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini 2004. Ndani ya miaka michache niliviona vitanda vinapungua watu. Kaka yako alikuwa na miaka mingapi wakati huo? Anacheka kwa sababu hakuona.

Nikueleze basi hiyo kazi ni nini, maana nina hakika mumeo hajakueleza vizuri. Madaktari hawajui kuelezea kazi zao nyumbani.

Mzee mmoja, mfugaji, alitufikia na faili nene. Ametibiwa malaria mara tatu, homa ya matumbo mara mbili, yutiai sijui mara ngapi, na homa haikatiki. Mgongo umeanza kumkaza, hawezi kuinama. Raundi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kila mmoja anasoma majibu ya vipimo kutoka kwenye faili. Jioni kijana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo akarudi peke yake, akavuta kiti. Nilikuwa nagawa dawa nikamsikia anamuuliza, "Mzee, mbuzi wako mwaka huu wamezaa vizuri?" Nikajua huyu leo hana kazi. Mzee akasema wametupa mimba saba. "Nani aliyewasaidia kutoa?" Mzee akanyanyua viganja vyake viwili. Damu ikapelekwa maabara kuoteshwa, tukangoja siku nyingi maana kile kijidudu hakina haraka, jibu likarudi ni bruselosisi, ile homa ya kutupa mimba. Akameza dawa wiki sita. Siku anaruhusiwa aliinama mwenyewe kuvaa viatu vyake vya matairi, akatuangalia kama tumeona.

Hiyo ndiyo kazi. Ni kuuliza mtu ametoka wapi, anafuga nini, amekunywa maziwa gani, ameoga mto gani, nani nyumbani kwake aliwahi kukohoa, halafu ndipo uchague kipimo.

Usidhani mzee yule alikuwa wa peke yake. Kati ya 2007 na 2008, Moshi hapo hapo, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu, asilimia 60 na kitu, waliandikiwa malaria. Malaria yenyewe ilipotafutwa kwa makini ilikuwa imesababisha homa kwa wagonjwa 14. Kumi na wanne, Mama Doreen, katika 870! Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, fangasi, chikungunya, homa ya Q, homa ya kupe, hiyo bruselosisi, na homa ya mgunda inayotokana na mkojo wa panya na mifugo. Hii ya mwisho ndiyo iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi 2022, watu wakitokwa damu puani, nchi nzima ikisema ni ugonjwa wa ajabu, wagonjwa 20 na vifo 3 kabla ya jibu kupatikana. Haikuwa ajabu. Ilikuwa haijaulizwa.

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wanavuka bahari kuja kujifunza homa za Kilimanjaro, miaka nenda rudi. Mumeo amezaliwa juu yake. Ukiniuliza mimi, mtoto wa Kibosho kutaka kuzijua homa za kwao si wazimu.

Kwenye hela nitakuunga mkono kidogo. Wa moyo ana mashine ya kuangalia moyo, wa figo ana mashine ya kusafisha damu, wa tumbo ana kamera yake, na kila mashine ikiwashwa kuna risiti. Huyu wa kwako chombo chake ni mdomo na maabara ya watu wengine, na hakuna bima inayolipa vizuri kwa kumuuliza mzee habari za mbuzi. Hata Marekani nafasi nyingi za mafunzo haya hubaki bila waombaji, kwa sababu hiyo hiyo. Gari kama la yule wa figo usilitegemee mapema. Atakachokipata ni mshahara, kufundisha, na miradi ya utafiti, ambayo hulipa vizuri inapokuwepo na kukatika bila kuaga. Kitu kimoja kinapanda, nacho ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Tumemwaga seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria, kwa kila mafua mpaka zipo bakteria zinazoichezea. Hospitali kubwa zinahitaji mtu wa kuwaambia madaktari wenzake "hiyo dawa acha", na mtu huyo lazima awe na elimu ya kuwanyamazisha. Mumeo hatakosa kazi. Utajiri ni habari nyingine.

Haya, tumemaliza vijidudu. Sasa niruhusu nikuseme, na baada yako nimseme yeye.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale uliposema "tena barua ya kuomba alishaituma." Hukumaliza chakula kwa sababu ya kifua kikuu? Karatasi ya kifua kikuu ulikuwa hujaiona bado. Ulichokisikia mezani ni kwamba miaka yote ya kulala na watoto peke yako Sakina, kufunga duka mapema mtoto akiumwa, kuomba majirani, ilikuwa na mwisho, na mtu ameuhamisha huo mwisho bila kukuuliza. Hilo ni jeraha la kweli. Ila hukulisema. Ulisema Marburg. Na karatasi ilipotokea ukaishika kama rungu, kwa kuwa mke akisema "umeniacha nje" anaambiwa ana wivu wa masomo, lakini akisema "mtoto atakufa" hakuna wa kumjibu. Mtoto muweke pembeni ya ugomvi huu. Mrudishie baba yake Ijumaa hii.

Na hilo la "chagua" lifute. Ukimlazimisha aingie hospitali binafsi utapata mshahara mara mbili na mume nusu. Nimewaona madaktari wa namna hiyo, wanaangalia saa.

Daktari, najua mkeo atakusomea hapa, na kama hatakusomea utasoma mwenyewe. Unashinda kutwa unawaambia wagonjwa wawalete watu wa nyumbani wachunguzwe, wasifiche, kificho kinaua. Halafu karatasi yako unaikunja mfukoni wiki tatu! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hata maradhi huna, umeficha karatasi safi. Ulijua tangu Alhamisi kwamba makohozi hayana kitu, na bado ukaenda kulala sebuleni. Maana yake uliogopa. Sikulaumu kwa kuogopa, kila aliyewahi kukutana na kifua kikuu sugu ameogopa, lakini ulipaswa kuogopa pamoja na mkeo. Angefungua madirisha mwenyewe. Na kuomba nafasi ya miaka mitatu bila kumwambia mtu anayekulelea watoto, hapo sina la kukutetea.

Na hilo koti! Koti la wodini limepanda basi Moshi mpaka Arusha kufanya nini? Nimegombana na makoti hayo miaka 31. Linaachwa kazini, linafuliwa kazini.

Mama Doreen, uliuliza umzuie vipi. Usimzuie, ila tarehe aliyoipanga peke yake usiikubali hivyo hivyo. Kaeni mchana, watoto wakiwa kwa jirani, si mezani na si usiku wa Ijumaa akiwa ametoka zamu macho mekundu. Mwambie alete karatasi. Nani analipa ada? Kama ni Wizara ya Afya au mwajiri wake, barua iko wapi? Ruhusa ya masomo ikishapatikana mshahara unaendelea au unasimama? Huwa unaendelea kwa mtumishi wa Serikali aliyeruhusiwa na mwajiri, lakini mwajiri si lazima awe Serikali, kwa hiyo usikubali "usijali", uliza. Akimaliza amefungwa mkataba wa kurudi kufanya kazi miaka mingapi, na wapi? Sehemu ya nje ya nchi ni miezi au ni miaka, na anarudi mara ngapi? Andika majibu kwenye daftari la duka, pale pale unapoandika madeni. Utashangaa jinsi mtu anavyokuwa makini akiona anaandikwa kwenye daftari la madeni.

Kuna jambo moja ningeliweka mezani kama ningekuwa wewe. Wapo madaktari wanaopata ubingwa, wanafanya kazi mwaka mmoja au miwili, ndipo wanaenda kubobea. Aulize kama nafasi yake inaweza kusogezwa mwaka mmoja, na aiulize hiyo hospitali binafsi kama inamtaka kwa mwaka huo. Mtoto atakuwa anatembea, Doreen atakuwa amehama shule, na wewe utakuwa umeishi na mume miezi kumi na miwili mfululizo, kitu ambacho nadhani umekisahau kilivyo. Akisema nafasi haisogezwi, au ufadhili utapotea, basi hilo nalo litoke kwa maandishi, na hapo mimi ningemwacha aende sasa, kwa sharti kwamba familia inahamia Moshi pale masomo yatakapokuwa Moshi. Vitenge vinauzwa hata Moshi. Najua umeuma midomo kusoma hapo, una wateja wako na kodi umelipa, lakini miaka mitatu mingine ya basi la Ijumaa mimi siishauri kwa ndoa yoyote.

Mama mkwe usimjibu wewe. Kahawa ni yake, ng'ombe walikuwa wake, ana haki ya kuuliza ziko wapi, na wa kumjibu ni mwanawe. Aende Kibosho mwenyewe, na asianze na maneno ya chuo. Amuulize mama kama maziwa anayachemsha au anayaonja yakiwa mabichi, na ng'ombe akizaa vibaya nani anamvuta ndama, na kama anavaa kitu mikononi. Aeleze homa yule mzee wangu aliyoipata kwa mbuzi. Mama anayefuga ndani ya kihamba ataelewa haraka kuliko kaka yako. Pengine atakumbuka na jirani aliyekaa na "malaria" mwaka mzima.

Mtoto wako akitimiza miezi tisa ana chanjo ya surua na rubela. Hesabuni mpate siku baba hana zamu, mwende kliniki wote wawili. Yeye amshike mtoto, wewe ushike kadi. Koti libaki Moshi.

Shangazi